Alumini au chuma: kipi kigumu, na kigumu kwa kazi gani?

Puli (gurudumu la kuzungusha mkanda wa mashine) iliyonifanya niandike haya iko mezani kwangu, hapa karakanani Kariobangi. Ni ya alumini, upana wa inchi nane, iliyosubiwa kwenye mchanga kutokana na pistoni na maganda ya giaboksi yaliyoyeyushwa pamoja. Tundu lake nililikereza mwenyewe, milimita 42 kamili, likakaa kwenye shafti ya mota bila kucheza. Miezi mitano baadaye mfereji wa kii umepanuka upande mmoja, kingo zake zimelala, na ndani mna unga mweusi wa alumini iliyosagika. Kii yenyewe, kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole kinachoifunga puli na shafti zizunguke pamoja, haina hata alama.

Mwenye puli ni mama anayeendesha kinu cha posho Dandora. Aliiweka mezani akasema:

"Fundi, shafti ni nzima, kii ni nzima, puli ndiyo imeliwa. Nifanye ingine ya alumini ama nitafute ya chuma?"

"Mama, niachie siku mbili nikupe jibu la kueleweka."

Swali lake naulizwa karibu kila wiki, kila mtu na kitu chake. Kijana wa boda anauliza kuhusu sproketi, mwenye nyumba kuhusu madirisha, mwenye kiwanda kidogo cha matofali kuhusu bamba la kumwagia kokoto. Wote wanaanzia mahali pamoja: alumini ni laini, chuma ni kigumu, basi. Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu pesa. Jina "alumini" limebeba familia nzima ya aloi, yaani michanganyiko ya metali, na "chuma" vivyo hivyo. Ukimwambia muuzaji "nipe alumini" bila kutaja aloi wala hali yake, ni kama kuingia sokoni ukaomba "nafaka" tu.

Kwanza tuelewane ugumu ni nini

Katika kazi yetu ugumu ni namna metali inavyokataa kubonyezwa na kukwaruzwa. Kipimo cha zamani na cha wazi kuliko vyote ni cha Msweden Johan August Brinell, aliyekionyesha mwaka 1900: chukua gololi ngumu ya milimita 10, ikandamize kwenye metali kwa uzito unaojulikana, kisha pima upana wa kishimo kilichobaki. Kishimo kikiwa kidogo, metali ni ngumu. Namba inayotoka huandikwa HB. Kwa chuma hutumika uzito wa kilo 3,000, na kwa alumini mara nyingi kilo 500, kwa hiyo namba za pande mbili zinakaribiana bila kulingana kwa unywele. Kwa kuchagua kifaa, zinatosha kabisa.

Kwa vyuma vigumu sana utaona kipimo kingine, Rockwell C, chenye ncha ya almasi badala ya gololi. Rockwell C ya 60 ni kama HB 650. Mwenye kuchanganya namba hizi mbili huishia kudhani kisu cha 58 ni laini kuliko dirisha la 60, na nimeshuhudia mtu akibishana hivyo dukani kwa dhati kabisa.

Hizi ndizo namba ninazozitumia, zote kwa HB (6061-T6, EN8 na mengine kama hayo ni majina ya aloi na hali yake):

| Metali | Ugumu |
|---|---|
| Alumini karibu tupu, iliyolainishwa (1100-O) | 23 |
| Alumini ya fremu za madirisha (6063-T5) | 60 |
| Alumini ya kukereza vipuri (6061-T6) | 95 |
| Alumini ya ngozi ya ndege (2024-T3) | 120 |
| Alumini yenye zinki (7075-T6) | 150 |
| Chuma laini cha mageti na fremu | karibu 120 |
| Stenlesi 304 iliyolainishwa | 150–200 |
| EN8 kama inavyouzwa | 150–210 |
| EN24 yenye alama T | 248–302 |
| Springi ya lori | karibu 400 |
| Bamba la kustahimili mkwaruzo, mfano Hardox 450 | 425–475 |
| Gololi na pete za beringi | 650 na zaidi |

Tazama katikati ya jedwali. Alumini ya 2024, ile inayofunika ndege nyingi ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, iko sawa na chuma laini cha geti lako. Ile ya 7075-T6 inakipita. Lakini hapo alumini imefika kwenye dari yake, au karibu kabisa. Chuma ndiyo kwanza kinaanza kupanda ngazi: kuna nafasi ya zaidi ya mara nne kutoka chuma laini hadi beringi, na alumini haina aloi ya kuigusa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi kigumu, namjibu kwa swali: alumini ipi na chuma kipi?

Kuna kosa jingine la kuondoa mapema. Ugumu na ukakamavu ni vitu viwili. Ukakamavu ni namna ubao au paipu inavyokataa kujipinda chini ya mzigo, na hapo aloi zote za alumini ni takriban sawa: gigapaskali 69 au juu yake kidogo, iwe ya sufuria au ya ndege. Chuma ni karibu 200, kiwe laini au kigumu. Rafu ya 7075 itabonyea katikati karibu sawa na rafu ya alumini ya bei ya chini yenye vipimo hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ya 7075 itarudi ilivyokuwa ukiutoa mzigo mzito, na ile nyingine itabaki imepinda. Ukitaka alumini isibonyee, ongeza kimo cha paipu. Aloi ya bei ghali haitakusaidia.

Gololi ndani ya jiliwa

Watu wengi hapa hawana mashine ya Brinell, nami sina. Ninayo jiliwa, ile tunayoiita vaisi, na gololi za milimita 10 kutoka beringi iliyokufa. Njia yenyewe ni ya kale na inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyoamini.

Nachukua kipande cha chuma laini ninachokijua na kipande cha metali nisiyoijua, vyote vyenye unene wa milimita sita au zaidi, nimevisugua uso kwa msasa mpaka vikawa tambarare na safi. Naweka gololi katikati yao kisha nabana jiliwa. Kwa kuwa gololi ni moja na imebanwa pande zote mbili, nguvu inayoingia kwenye chuma ndiyo hiyo hiyo inayoingia upande wa pili. Vaa miwani ya kazi, maana gololi ikiteleza inaruka kama risasi ya manati. Halafu nafungua na kupima vishimo viwili kwa kalipa.

Hesabu ni fupi: gawanya upana wa kishimo cha chuma kwa upana wa kishimo cha pili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 120 ya chuma laini. Kwa kipande cha 6061-T6 nilipata milimita 2 kwenye chuma na 2.25 kwenye alumini. Inatoka 95, kama kitabu kinavyosema. Kwa kipande nilichokata ukingoni mwa puli ya mama, chuma kilitoa 2 na alumini ikatoa 2.6. Hiyo ni 71.

Sabini na moja, kubebana na kii ya EN8 yenye 180. Mota yake ni ya kilowati 11 na inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Kwenye shafti ya milimita 42 kii inausukuma ukuta wa mfereji kwa nguvu ya kama kilo 350 kinu kikiwa kinasaga kawaida, na zaidi sana pale mota inapowashwa. Mfereji ukilegea hata kwa unene wa karatasi, kusukuma kunageuka kuwa kugonga. Alumini inagongwa na kitu kigumu mara mbili na nusu kuliko yenyewe, mara kadhaa kwa siku, kila siku ya kazi. Kosa halikuwa la mama wala la kinu. Nilikereza tundu zuri kwenye metali isiyofaa kubeba kii.

Kila metali inapata wapi ugumu wake, na inaupoteza vipi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu hasara nyingi ninazoziona mitaani zinatoka hapa na haziko kwenye jedwali.

Chuma hupata ugumu kwa kaboni na moto. Chuma chenye kaboni ya kutosha, kama EN8 yenye karibu asilimia 0.4, ukikipasha mpaka kiwe chekundu na ukakizamisha ghafla majini au kwenye mafuta, kinakuwa kigumu hata tupa iteleze juu yake. Wahunzi wa Kamukunji na Gikomba hawahitaji kipimajoto: wanashika sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku inaacha kunata, wanaongeza moto kidogo, wanazamisha. Kikishakuwa kigumu namna hiyo ni chepesi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo kinarudishwa kwenye joto dogo mpaka uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya nyasi kavu kwa tindo, au buluu kwa springi. Ndiyo sababu tindo nyingi nzuri za Nairobi zimetoka kwenye springi za malori. Chuma laini chenye kaboni chini ya asilimia 0.2 hakipati faida kubwa kwa kuzamishwa. Ukikizamisha mara kumi, utapoteza makaa tu.

Alumini inafuata njia ambayo mwanzoni haiaminiki. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alipasha moto aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu kidogo, akaizamisha kama mtu anavyofanya chuma. Haikuwa ngumu. Ilipolazwa siku kadhaa na kupimwa tena, ugumu ulikuwa umepanda bila mtu kuigusa. Aloi inakomaa. Chembe ndogo mno za shaba na magnesiamu zinajipanga ndani ya alumini na kuizuia isiteleze juu yake yenyewe. Herufi T6 mwishoni mwa jina maana yake ni hiyo: imepashwa, imezamishwa, kisha imekomazwa kwenye tanuri. Kwa 6061 upashaji ni karibu nyuzi 530 na ukomazaji ni saa kadhaa kwenye nyuzi 160 hadi 180. Bila T6, ile ile 6061 iliyolainishwa ni 30 badala ya 95. Jina moja, rangi moja, uzito mmoja, na ugumu chini ya theluthi.

Kisichopitia njia hiyo ni kama 5052 na 3003, ambazo ugumu wake unatokana na kuviringishwa na kukunjwa baridi. Zina alama H badala ya T. Ni nzuri kwa matangi na mabodi ya magari, na hatuna haja ya kukaa hapo.

Sasa hasara. Kitu kilichopatikana kwa joto hupotea kwa joto. Miaka michache iliyopita nilichomelea fremu ya sanduku la kubebea mikate nyuma ya pikipiki, alumini 6061-T6, kwa gesi ya agoni, mshono wa kupendeza ambao ningeuonyesha mwanafunzi. Wiki ya tatu kijana akarudi. Mshono ulikuwa mzima kabisa. Paipu ilikuwa imejikunja sentimita mbili pembeni ya mshono, imekunjika taratibu bila kupasuka, kama muwa uliokaushwa juani. Nilipobana gololi pale, kishimo kilitoka kikubwa waziwazi kuliko mwisho wa pili wa paipu. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeifuta T6 yote kwenye ukanda ule. Wahandisi wanajua hesabu yake: 6061-T6 ambayo kabla ya moto inahesabiwa megapaskali 290 za nguvu ya kuvuta, pembeni ya mshono inahesabiwa 165 tu. Nilimfanyia nyingine bila malipo, safari hii kwa vipande vya kona na bolti, na sehemu zilizobaki za kuchomelewa nikaziweka mbali na mahali penye mzigo.

Chuma laini hakikufanyii hivyo. Ukikichomelea leo kwenye geti la Umoja, pembeni ya mshono panabaki karibu palivyokuwa, na hilo peke yake linaeleza kwa nini jiji hili limejengwa kwa chuma laini na jenereta ya kuchomelea. EN8 na EN24 nazo zina tabia ya kinyume: pembeni ya mshono hazilainiki, zinazidi ugumu mpaka zinapasuka, zisipopashwa joto kabla na kuachwa zipoe polepole. Shafti iliyochomelewa haraka haraka kisha ikakatika kando ya mshono imekatika kwa sababu hiyo.

Jambo moja la hatari kwa wanaojifunza: chuma kinakuonya kwa rangi, alumini haionyi. Ikiwa tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi nyingi chini ya hapo, ikiwa bado na sura ile ile ya kijivu. Ukitaka kuilainisha ili uikunje, paka sabuni ya kipande juu yake na uipashe upande wa chini. Sabuni ikigeuka kahawia inayoelekea nyeusi, ondoa moto.

Sproketi ya boda, shafti, na mambo mengine

Kijana wa boda aliniletea picha ya sproketi ya alumini kutoka pikipiki ya mashindano, ya 7075-T6, nyepesi, rangi ya dhahabu. "Mzee, hii si ni ya ndege? Itakaa kuliko ya chuma." Nilimwambia ukweli: kwa dereva wa mashindano anayehesabu gramu na kubadilisha sproketi kila baada ya mbio chache, ni chaguo sahihi. Yeye anabeba abiria na magunia kutoka alfajiri. Meno ya 150 yatakutana na rola za mnyororo zilizotiwa ugumu mara kadhaa ya hapo, na katikati yao kuna vumbi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko alumini na chuma chochote kwenye jedwali langu. Kwa chuma chenye meno yaliyotiwa ugumu, chembe hizo zinakwaruza. Kwenye alumini zinazama na kukaa, kisha jino linageuka kuwa msasa unaokula mnyororo. Akanunua ya chuma.

Rangi ile ya dhahabu nayo ina jambo lake. Ni ngozi ya oksidi inayokuzwa juu ya alumini kwa umeme, na oksidi ya alumini ni ngumu mno, jamaa wa yakuti. Aina nene ya ngozi hiyo inafika karibu milimita 0.05 na inasaidia kweli pale ambapo kitu kinateleza juu ya kingine kwa wepesi. Kwa mzigo wa ncha au wa jino haifui dafu, kwa sababu ni kigae kilichotandikwa juu ya godoro. Kinachokaa chini kikibonyea, kigae kinapasuka.

Kwa shafti, pini, kii, meno ya gia na bushi za kusugulika, sina mjadala. Chuma. Kwa kazi ya kawaida EN8. Mahali penye mzigo mzito wa kugonga, EN24 T, ambayo inakuja ikiwa imeshatiwa ugumu na bado inakerezeka kwa kisu kizuri. Nyundo za ndani ya kinu cha posho nazikata kwenye springi ya lori kwa diski, taratibu na kwa maji ili moto usiulegeze ugumu wake. Yule wa kokoto na matofali nilimshauri bamba la kustahimili mkwaruzo. Bamba la chuma laini angelibadilisha mara nyingi, na la alumini nisingekubali hata kulifunga.

Upande wa pili una haki yake, na naudai kwa nguvu ile ile. Ujazo mmoja wa alumini una uzito wa theluthi ya chuma, 2.7 dhidi ya 7.85. Kwa vishikio, mabano ya mashine, jigi za kushikia kazi, vifuniko vya giaboksi, bodi za magari ya mizigo, ugumu wa 60 hadi 95 unatosha na kubaki, kwa sababu hakuna kinachosugua wala kugonga juu yake. Inakerezwa haraka mara kadhaa kuliko chuma na haioti kutu nyekundu. Kilo ya alumini ni ghali, ndiyo, lakini usilinganishe kilo kwa kilo. Linganisha kipande kwa kipande chenye vipimo sawa. Madirisha ya 6063 ni mfano mzuri: hayahitaji ugumu zaidi ya ule, ila skrubu ikikazwa kwa hasira inazing'oa nyuzi za alumini. Kwa usalama wa nyumba, grili ibaki ya chuma.

Hata kwa grili usijidanganye kwamba chuma laini kinazuia msumeno. Meno ya msumeno mzuri ni Rockwell C 60 na zaidi, na yatapita kwenye 120 kama yanavyopita kwenye 60, tofauti ni muda. Ndiyo sababu kufuli zuri mara nyingi lina mwili wa metali laini na upinde wa juu uliotiwa ugumu: ule upinde ndio unaokutana na msumeno.

Kuhusu bolti za chuma ndani ya alumini, fanya nyuzi ziwe ndefu, angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, na mara mbili kama aloi ni laini. Kipande kikifunguliwa mara kwa mara, tia bushi ya chuma yenye nyuzi ndani ya tundu. Na kikikaa nje kwenye mvua za Aprili, paka grisi au weka washa ya plastiki katikati, maana metali hizi mbili zikigusana zikiwa na maji, alumini ndiyo inayoliwa.

Unaponunua

Kwa wauzaji wa Industrial Area omba cheti cha kiwanda na usome herufi za mwisho: T6, T5, H, O. Usishangae kupewa 6082-T6 badala ya 6061-T6. Kwa ugumu zinakaribiana sana na naitumia bila wasiwasi. Kwa vyuma kuukuu vya Gikomba hakuna cheti, kuna mikono yako. Sumaku itakutengea chuma na alumini, ila itakudanganya kwa stenlesi ya 304, isiyonatwa. Tupa itakwambia mengi: ikiteleza bila kuuma, una kitu cha karibu Rockwell C 60, ikiuma kwa shida ni springi au mfano wake, ikizama na kuziba meno kwa chembe zinazong'ang'ania, una alumini laini. Halafu gololi. Kipande kikiwa cha mashine ambayo ikishindwa mtu anaumia, kipeleke maabara yenye vifaa vya kupimia kabla hujakifunga.

Jibu la mama

Alirudi Jumatano. Nilimwonyesha vishimo viwili, cha milimita 2 na cha 2.6, akapitisha ukucha juu yake na kuelewa kabla sijamaliza sentensi.

"Kwa hiyo nitafute ya chuma."

"Mama, ya chuma cha kusubu ni nzuri, ugumu wake ni kama 200 na mfereji hauliwi upesi. Lakini hii yako mkanda haujaiharibu. Mahali pa mkanda pako sawa. Tuubadilishe moyo wake tu."

Nililipanua tundu la puli hadi milimita 62, nikakereza bushi ya EN8 yenye tundu la 42 ndani, na mfereji wa kii nikauchonga kwenye chuma. Bushi niliiacha nene kuliko tundu kwa sehemu sita za mia za milimita. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto. Puli ikipanda nyuzi 40 juu ya joto la asubuhi, tundu linafunguka kuliko bushi kwa sehemu kama tatu za mia, kwa hiyo nusu ya mbano inabaki hata mchana wa kazi nyingi. Puli niliipasha hadi nyuzi 150. Kwa T6 ningehofia kuikalisha humo muda mrefu, ila hii haikuwahi kuwa T6. Bushi baridi iliingia kwa mkono bila nyundo, na baada ya dakika kumi hapakuwa na nguvu ya mkono ya kuitoa. Nikaongeza bolti tatu kwenye ukingo wa bushi, zikipita hadi ndani ya alumini, kwa ajili ya zile sekunde za kuwasha mota.

Aliibeba begani hadi stendi ya matatu, bado ina joto kidogo.